Mchoro wa Unga Mlangoni kwa Alamelu

Weston, Toronto
12 Septemba 2006

Shangazi yangu mpendwa Anastasia,

Shikamoo Shangazi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia na kahawa inaiva vizuri. Sisi huku hatujambo kabisa. Silvanus anakusalimia sana. Yuko hapa pembeni yangu anamenya viazi. Ndiyo, Shangazi, umesoma sawasawa, mume wangu anamenya viazi! Juzi nilimwambia miguu yangu ina baridi, akavua soksi zake nzito akanivisha, yeye akaenda kazini na zile zilizotoboka kidole. Anafanya kazi kwenye ghala moja kule Rexdale, karibu na uwanja wa ndege, na kila akirudi ananibusu kwenye paji la uso kabla hajavua koti. Nakuandikia haya ili ujue kwamba yule kijana uliyemkagua kuanzia viatu hadi nywele siku ya harusi hakukudanganya.

Tunakaa ghorofa ya saba. Jengo ni la zamani, lifti ina siku zake za kufanya kazi, na dirishani tunauona mto Humber ukipita kati ya miti. Treni ya kwenda mjini ikipita, vikombe vinagongana kabatini. Silvanus anasema tutazoea. Mimi sitaki kuzoea, naona kama vinatupigia vigelegele.

Sasa nikueleze nilichokiona, maana nina hamu ya kumweleza mtu. Kwenye mlango unaotazamana na wetu anaishi mama mmoja wa Kihindi, mjane, anaitwa Alamelu. Ametoka kusini kabisa mwa India, ni Mtamil. Aliniambia nimwite Akka, yaani dada mkubwa. Kiingereza chake na changu vinalingana kwa uhaba, kwa hiyo tunaelewana sana. Asubuhi yangu ya kwanza hapa nilimsindikiza Silvanus mlangoni, na mbele ya mlango wa huyo mama nikakuta sakafu imechorwa kwa unga mweupe. Shangazi, sijui nianzie wapi! Mistari inazunguka, inapita juu ya mingine, inarudi, inashikana kama vidole vya watu wanaocheza. Na katikati ya kila tundu kuna nukta moja. Hakuna aliyeshika rula pale. Nilisimama nikasahau kumuaga mume wangu.

Silvanus akanishika mkono: "Angalia usikanyage!"

Kumbe Akka alikuwa anatuchungulia tunavyokwepa. Akafungua mlango akicheka. "Kanyageni! Mlidhani nimechora ili mruke kama vyura?"

Wenyewe wanauita kolam. Mama wa nyumba huuchora mlangoni kila alfajiri kabla ya kula chochote, kwa unga wa mchele, ili baraka ione njia ya kuingilia. Watu wanapita, unafutika, kesho anachora mwingine. Na si ule ule! Kila siku mwingine! Msimamizi wa jengo, Cyriaque, Mkongo wa Bukavu, ndiye anayepiga deki. Aliniuliza, "Mama, njo nani anamwangaka bunga hapa kila siku?" Nikamwambia ni Akka, anachora. Akasema, "Yeye anachora, miye napangusa. Anachora, napangusa. Basi sisi wote wawili tuko na kazi."

Mwisho, Shangazi, na usikasirike. Julai mwakani Silvanus ana likizo, tunakuja nyumbani. Siku ya harusi ulinibariki ukiwa umesimama uani, mvua inakunyeshea, kwa sababu hukutaka kuvuka mlango wa Mama. Nililowa pamoja nawe. Lakini Julai nataka mnipokee mkiwa mmesimama mlango mmoja, wewe na Mama. Sina ombi jingine duniani, mume nimeshapata. Ni nini kilitokea kati yenu? Mama nikimuuliza anasema, "Muulize wifi yangu." Basi ndiyo nakuuliza.

Wako akupendaye mno,
Leokadia


Kamachumu
2 Novemba 2006

Leokadia mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika, kona moja imelowa. Mimi mgongo ni ule ule. Senene wameanguka kwa wingi mwaka huu, tumewachambua mpaka vidole vimekufa ganzi. Baba yako anakula kwangu mchana na kwa mama yako jioni kama kawaida yake, na bado anasema hakuna anayemjali. Amenenepa.

Huyo mume anayemenya viazi mwache amenye, ila usimwandikie mama mkwe wako habari hiyo.

Kuhusu huyo mama wa unga. Ni unga wa mchele kweli, au ni chokaa? Anaushika kwa vidole vingapi? Alifundishwa na nani? Na mtu akipita akaharibu, kweli hasemi kitu? Mimi mtu akiharibu kazi ya mikono yangu namwambia papo hapo. Unijibu yote, si nusu.

Ile habari ya mwisho wa barua yako, hapo ndipo palipolowa. Sikuweza kusoma.

Ni mimi Shangazi yako,
Anastasia


Weston, Toronto
19 Desemba 2006

Shangazi yangu wa pekee,

Shikamoo. Heri ya Noeli mapema! Natumaini wote mko salama na Baba anaendelea kunenepa. Huku theluji imefika. Ilipoanguka mara ya kwanza Silvanus alinibeba mgongoni kutoka kituo cha basi mpaka nyumbani kwa sababu viatu vyangu vilikuwa vinateleza, na watu wakatupigia honi. Niliona aibu. Nilifurahi pia. Nilimwambia asinishushe.

Nimemsomea Akka maswali yako yote. Alifurahi akasema, "Huyu shangazi yako ni mtu wa kazi." Basi pokea majibu. Ni unga wa mchele kweli, na ni lazima uwe chakula, kwa sababu sisimizi na ndege wanaula. Kwao tendo la kwanza la siku ni kumlisha asiyeweza kukuomba. Si jambo zuri hilo, Shangazi? Majira haya huku sisimizi hawaonekani, kwa hiyo anamwaga kidogo kwenye roshani, shomoro wanakuja wamevimba manyoya kama mipira. Kwenye ghorofa ya tatu kuna familia ya Kigujarati. Wao siku ya Diwali walichora mlangoni tausi wa rangi, nyekundu, njano, bluu, wakaweka na taa pembeni. Wao wanaita rangoli. Nilishangilia mpaka wakanipa halwa. Akka alitazama akasema, "Nzuri. Lakini sisimizi hawali rangi."

Anaushika kwa kidole gumba na cha shahada, na kuusukuma kidogo kidogo hadi unatiririka kama uzi. Kwanza anaweka nukta, safu kwa safu. Kisha mstari unazunguka kila nukta bila kuigusa, na lazima urudi ulikoanzia. Usiache mwanya hata kidogo. Bibi yake alimfundisha ile midogo. Alipoolewa, mama mkwe wake wa kule Kumbakonam akamfundisha mikubwa. Huyo mama mkwe yu hai, ni mzee sana, na kila Jumapili wanapigiana simu na kubishana kuhusu nukta! Kwao, anasema, sakafu ya mlangoni ndiyo inayomtambulisha mwanamke mtaani. Majirani wakipita wanajua huyu ana mkono mwepesi, huyu leo amegombana na mumewe, yule ana mgeni.

Na mwezi huu wa sasa kwao ni mwezi mtukufu. Michoro inakuwa mikubwa, wasichana wanashindana barabara nzima, na katikati ya mchoro wanasimamisha ua la boga kwenye donge la samadi ya ng'ombe. Akka amenunua maua ya plastiki, maana ua la boga kwenye theluji utalipata wapi, na ng'ombe je?

Nami najifunza! Anakuja kwangu mchana, nachora sakafuni jikoni. Juzi nilimaliza wangu wa kwanza. Akauinamia.

"Hiki ni nini?"

"Ni ua la yungiyungi, Akka."

"Hapana. Hiki ni kuku aliyegongwa na gari."

Silvanus aliporudi akasema hajawahi kuona kitu kizuri kama kile. Akka akamwambia, "Mume mpya hana macho. Tutamuuliza baada ya miaka kumi."

Sasa naandika kwa wino mzito na nitaifunga barua kwenye nailoni. Shangazi, wewe na Mama mna nini? Nimebakiza miezi michache tu nije.

Wako mwenye furaha,
Leokadia


Kamachumu
21 Januari 2007

Leokadia,

Marahaba. Barua imefika kavu. Tumeanza mwaka vizuri, mvua ndogo zimetusaidia maharage.

Nimewaza sana kuhusu huyo mama. Umesahau kwamba na sisi tulikuwa na kazi ya sakafu, au pengine ulikuwa mdogo. Nyumba ilitandikwa majani. Tulikwenda kuyakata mbugani, kwenye rweya, asubuhi umande ukiwa bado haujakauka. Si kila jani. Tulichagua laini, yenye harufu, tukayaanika kidogo, kisha unaanzia ndani ukija mlangoni, unalaza shada juu ya shada, ncha zote zikielekea upande mmoja. Mlangoni unasuka ukingo. Mgeni alivua viatu mwenyewe bila kuambiwa, na alijua amefika kwa mwanamke wa namna gani. Watu walitoka Kanyigo kuja kuona sakafu yangu. Sisemi ili kujisifu. Walitoka.

Siku hizi nina sementi. Inafagiwa tu. Basi.

Neno moja nikuambie. Kujifunza ni vizuri, lakini sakafu ya mtu usiiguse mpaka akuite.

Mama yako mzima. Jana alipita na kikapu. Ameanza kuchechemea mguu wa kulia. Mwandikie aende hospitali. Mimi siwezi kumwambia.

Shangazi yako,
Anastasia


Weston, Toronto
15 Februari 2007

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kimwili tu wazima. Silvanus hajambo, ameninunulia glavu za sufu nyekundu, lakini leo sina moyo wa kukusimulia habari za glavu.

Barua yako ya Januari imefika mchana huu. Nimeisoma nikiwa nimesimama. Nilipofika pale unaposema sakafu ya mtu usiiguse mpaka akuite, nikakaa chini. Laiti ingefika wiki moja kabla!

Jumatatu ya wiki iliyopita nilifungua mlango nikakuta sakafu ya Akka tupu. Nikadhani amechelewa kuamka. Jumanne, tupu. Jumatano, tupu. Nikabisha hodi, kimya, ingawa nilisikia maji yakitiririka ndani. Nikajiambia ni baridi, magoti yanamuuma, hawezi kuinama. Nikajiona nina akili, Shangazi! Alhamisi alfajiri Silvanus alipoondoka nikachukua bakuli la unga nikapiga magoti mlangoni kwa Akka. Nikachora ule mkubwa aliofundishwa na mama mkwe wake, kazi ngumu kuliko zote alizonifundisha. Ulitoka vizuri hata nikashangaa mikono yangu mwenyewe. Nikaweka na maua mawili ya plastiki. Kisha nikabisha, nikasimama nikitabasamu kama bibi harusi anayesubiri kupigwa picha.

Akafungua. Nywele zake hazikuchanwa. Akautazama mchoro muda mrefu. Akanitazama mimi. Akaufunga mlango taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

Cyriaque akatokea na ndoo yake. "Mama Leokadia, wee! Umefanya nini? Hujasikia? Mama mkwe yake alikufaka kule Inde. Mtoto wake alikuya hapa, akanielezea. Njo maana hachoraki!"

Shangazi, kwao nyumba ikifiwa hawachori. Mlango mtupu ndio tangazo. Jirani akipita akaona hakuna kitu, anajua, anapunguza sauti. Na mimi nimekwenda kumpambia mlango wa msiba. Tena kwa mchoro wa marehemu mwenyewe!

Cyriaque alipoinua deki ili afute, mlango ukafunguka kidogo, mkono wa Akka ukatoka ukapunga kama wa mtu anayefukuza kuku: acha. Ukafungwa tena. Sijui alimaanisha nini. Nililia mpaka Silvanus akachelewa zamu yake ya siku iliyofuata kwa kunibembeleza. Anasema, "Nenda ukamwombe radhi." Nawezaje? Sasa napanda na kushuka kwa ngazi, ghorofa saba, ili nisikutane naye kwenye lifti.

Nifanye nini? Huku sina mtu mwingine kama yeye.

Leokadia


Kamachumu
9 Machi 2007

Leokadia,

Marahaba. Barua yako niliisoma mara moja nikaiweka chini ya godoro. Nimeitoa leo.

Umeniuliza tangu mwaka jana. Haya, nitakuambia, kwa sababu sitaki ujue kwa mtu mwingine.

Mjomba wako Tharcisse, mume wangu, alipougua hakutaka kitanda. Alitaka kulala chini, karibu na mlango, kwenye majani niliyoyatandika mimi. Alisema yananukia. Alilala pale mpaka mwisho wake. Baada ya maziko majani yale yalibaki yamelala jinsi alivyolala yeye. Bega lilionekana. Kisigino kilionekana. Nilikuwa nakaa pembeni pale, na sikumwambia mtu, maana ningesema nini?

Siku moja nikaitwa parokiani kwa habari ya misa. Kurudi, nikakuta nyumba inanukia rweya. Mama yako alikuwa amekata majani mapya, ametandika chumba chote, amesuka ukingo wa mlangoni kuliko ninavyosuka mimi. Ya zamani alikuwa ameyapeleka migombani akayachoma, moshi ulikuwa bado unapanda. Alisimama mlangoni jasho linamtoka, anatabasamu. Akasema, "Wifi, nimekuona umechoka."

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika kwa mwanawe. Alikuja kesho yake, sikufungua. Akaja tena, sikufungua. Kisha nikamwita fundi akamwaga sementi.

Sasa umejua. Usiniulize ufanye nini kwa huyo Akka, maana mimi mlango wangu ungali umefungwa. Lakini niandikie atakachofanya yeye. Nataka kujua. Andika upesi, na uipeleke posta mwenyewe, usimtume mume.

Anastasia


Weston, Toronto
11 Aprili 2007

Shangazi yangu, kipenzi changu,

Shikamoo. Pole. Pole sana, Shangazi. Barua yako nimeisoma na Silvanus, akavua kofia akaishika mkononi mpaka mwisho. Sisi wazima. Theluji inayeyuka na mto umejaa.

Sikuandika mapema kwa sababu sikuwa na la kuandika. Siku za msiba kwa Akka zilipokwisha alirudia kuchora, midogo midogo, nami nikaendelea kupita ngazini kama mwizi. Hadi Jumamosi iliyopita. Nilikuwa napanda na mifuko ya sokoni, nikamkuta amekaa kwenye ngazi za ghorofa ya tano, bakuli la unga mapajani.

"Nilijua utapita hapa," akasema. "Kila siku nasikia viatu vyako. Unataka moyo usimame kwa sababu ya kunikimbia?"

"Akka, nisamehe. Sikujua."

"Kaa."

Nikakaa.

"Nilikukasirikia," akasema. "Sana. Siku mbili sikutaka hata kusikia sauti yako kwenye korido. Siku ya tatu nikafungua mlango, nikautazama mchoro wako. Upande wa kushoto uliacha mstari wazi."

"Niliacha?"

"Uliacha! Mwanya wa kupita paka. Mama mkwe wangu angeuona angekumwagia ndoo ya maji." Akaanza kucheka, na machozi yakamtoka hapo hapo, akayaacha yashuke. "Unajua, tangu simu ile ya msiba, hapo ndipo nilipomsikia kwa mara ya kwanza. Nilimsikia kabisa akikugombeza."

Nikamuuliza kwa nini alimzuia Cyriaque asifute. Akasema mchoro haufutwi kwa hasira, unaachwa uishe miguuni mwa watu. Kisha akasema neno ambalo nimeliandika siku ile ile nisije nikalisahau: "Mwanangu yuko Brampton, ndiye aliyemwambia Cyriaque. Wengine wote kwenye korido ile walipita. Sakafu yangu ilikuwa tupu na hakuna aliyejua kuisoma. Wewe uliisoma vibaya. Lakini hukuambiwa na mtu, uliitazama mwenyewe. Nisipokufungulia wewe, nitamfungulia nani?"

Tulipanda pamoja, yeye akabeba mfuko wa vitunguu. Alfajiri ya jana aligonga mlango wetu, Silvanus akiwa bado anatafuta soksi. Tukapiga magoti wote wawili mlangoni kwake tukachora ule mkubwa. Alisema mwaka huu hatafanya sikukuu yoyote, hata ya mwaka wao mpya wiki hii, lakini ule alitaka niujue sawasawa, kwa sababu sasa watu wanaoujua wamepungua. Nilipofika kushoto akanishika kifundo cha mkono akaniongoza. Shangazi, mstari ulipokutana na mwanzo wake, nilijisikia kama siku ile padri alipotutangaza mume na mke! Ni unga tu, wa sokoni, wa mfuko wa karatasi, na ndani yake kuna bibi, na mama mkwe, na kijiji kizima cha wanawake walioinama alfajiri. Na ifikapo saa nne Cyriaque anapiga deki. Na kesho unaanza upya! Sijui kama kuna watu wenye subira kuliko hawa.

Hukuniomba maoni na sitakupa. Umetaka kujua alichofanya, nimekuandikia.

Wako,
Leokadia


Kamachumu
3 Juni 2007

Leokadia mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma baba yako akiwa anakula. Aliacha kula. Unajua hilo halijawahi kutokea.

Nilikaa nayo wiki nzima. Jumatano nikavuka migomba nikaenda kwa mama yako. Sikubisha hodi, maana ningebisha ningegeuka nikarudi. Nilimkuta anachambua maharage.

Nikamwambia, "Wifi, mguu huo umeupeleka hospitali?"

Akasema, "Bado."

Nikamwambia, "Hujui kujitunza."

Akasema, "Na wewe umezeeka."

Nikakaa, tukachambua maharage. Yalipokwisha nikamwambia habari ya pale alipolala Tharcisse. Sikumaliza, akawa ameelewa. Kisha nikamuuliza kama mundu wake wa kukatia majani bado upo. Upo, una kutu.

Juzi tumekwenda rweya. Yeye amekata akiwa amekaa kwa sababu ya mguu, mimi nimefunga, baba yako amebeba. Tumetandika kwangu. Tumegombana tuanzie upande gani, na majani juu ya sementi yanateleza sana, baba yako ameanguka, hakuumia ila ametangaza kijiji kizima. Ukingo wa mlangoni nimemwachia mama yako ausuke. Anasuka kuliko mimi. Sasa nimemwambia.

Mwambie huyo Akka kwamba Anastasia wa Kamachumu anamsalimia, na anampa pole ya mama mkwe.

Subiri, mama yako anataka kalamu.

Mwanangu Leokadia, ni mimi Mama. Wifi amesimama nyuma yangu anasoma kila ninachoandika. Miaka yote hii nilidhani alikasirika kwa sababu nilikata majani ya bondeni badala ya yale ya juu. Nilikuwa nikimwona njiani najiambia, ingekuwa ni ya juu angenisamehe. Sikujua habari ya shemeji. Nimelia, naye amenifokea kwamba machozi yanaozesha majani. Msalimie mwanangu Silvanus, na mwambie viazi aache kumenya, amenye ndizi.

Nimemnyang'anya kalamu, alikuwa anamaliza karatasi. Hayo majani yatakuwa yamekauka kabla hamjafika, kwa hiyo tutakata mengine wiki hiyo hiyo ya Julai. Mlango mtakaoingilia kwanza, wangu au wake, bado tunabishana, na msituulize. Popote tutakapokuwa, tutakuwa wawili. Huyo mume avue viatu.

Ni sisi,
Shangazi yako na Mama yako